Mkufunzi mpya wa mbwa wa polisi: mtazame anayeshika kamba

Mbwa aliyechaguliwa vizuri, mwenye hamu kubwa ya mpira na asiyeogopa ngazi, kelele wala sakafu inayoteleza, hujifunza harufu mpya haraka kuliko wengi wanavyodhani. Mwongozaji wake, yaani askari anayefanya naye kazi, ndiye atakayekula muda wako. Makosa mengi utakayoitwa kuyarekebisha kwa mbwa yameanzia kwa binadamu aliye upande wa pili wa kamba, na ukimrekebisha mbwa peke yake, yatarudi wiki inayofuata.

Anza na mahali unaposimama. Kwenye msako wa mazoezi, kila mtu humwangalia mbwa. Wewe simama pembeni, mahali unapomwona mwongozaji mzima: miguu, kifua, mkono wa kamba na mkono wa mfukoni. Mwongozaji anayejua kwamba sampuli, yaani dawa ya kulevya au kilipuzi kilichofichwa kwa mazoezi, iko kwenye droo ya tatu hupunguza mwendo akiikaribia, kifua chake huielekea, kamba hupungua ulegevu, na mkono unaanza safari ya kwenda mfukoni kwenye mpira wa zawadi. Mbwa anakaa, ishara aliyofundishwa ya kusema amepata. Hana nia mbaya, na ukimwambia atakataa kabisa. Mrekodi kwa simu, mwonyeshe video bila sauti, kisha umuulize mbwa alikaa kwa sababu ya nini.

Kwa upande wa mbwa, tofauti huonekana kwenye mpangilio wa matendo. Aliyenasa harufu kwanza hugeuza kichwa ghafla, hufunga mdomo, pumzi zake huwa fupi na za haraka, hurudi nyuma hatua moja au mbili kutafuta ukingo wa harufu, halafu pua inaganda kwenye chanzo. Ndipo anakaa au anatulia. Anayebahatisha huruka hatua hizo zote: anafika, anamtazama mwongozaji usoni, anakaa. Mwongozaji mpya akiona amekaa anafurahi na kumtupia mpira. Hapo mbwa amelipwa kwa kusoma uso.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio lililohusisha timu 18 za mbwa na waongozaji. Waongozaji waliambiwa kuna sampuli zimefichwa, na sehemu nyingine ziliwekwa karatasi nyekundu iliyosemwa kuwa ndiyo alama ya mahali zilipo. Hakukuwa na sampuli hata moja. Katika misako 144, ile iliyokwisha bila mwongozaji kuripoti ishara yoyote ilikuwa 21 tu. Waongozaji wengi hawalipendi jaribio hili na wana hoja zao kuhusu namna lilivyoendeshwa, lakini kwa mkufunzi somo lake halikwepeki: ukitaka kujua kama mbwa anafanya kazi, asiwepo chumbani mtu anayejua jibu.

Kwa hiyo panga mazoezi kwa ngazi tatu. Ya kwanza, mwongozaji anajua sampuli ilipo. Hii ni ya kumfundisha mbwa harufu mpya tu, na isidumu. Ya pili, wewe unajua, yeye hajui. Hapa kuwa mwangalifu, maana mkufunzi naye huvujisha siri: anasogea mlangoni, anakaa kimya mbwa akifika mahali penyewe, anakohoa. Ya tatu, mtu mwingine anaficha, anaandika mahali kwenye karatasi, anaifunga na kuondoka kabla hamjaingia. Mwongozaji akisema "amepata", ndipo karatasi inafunguliwa. Ngazi hii ifanyike mara kwa mara, si siku ya mtihani tu, na ndani yake viwepo vyumba na magari yasiyo na kitu kabisa. Timu ambayo haijazoea kutoka chumbani mikono mitupu itatafuta cha kuonyesha, kwa sababu imefundishwa kwamba kila msako una jibu.

Sampuli ndizo zinazoharibu mbwa wengi kimyakimya. Kila aina ikae kwenye chupa yake ya kioo yenye mfuniko unaobana, ndani ya sanduku lake, mbali na nyingine. Dawa za kulevya na vilipuzi havikai chumba kimoja, havibebwi gari moja, wala havishikwi kwa glavu zilezile. Zile zenye harufu kali zinazoruka upesi hupenya mifuko ya plastiki na kuingia kwenye sampuli za jirani. Miezi michache baadaye una mbwa anayejua mchanganyiko, na akikutana na kitu halisi kikiwa peke yake anapita.

Kosa la pili ni kumfundisha mbwa vitu vinavyoizunguka sampuli. Ukiifunga kila mara kwenye mfuko uleule, ukaishika kwa glavu za aina moja, ukaibandika kwa utepe uleule, mbwa ataonyesha mfuko, glavu na utepe. Dawa yake ni rahisi ingawa inachosha: kila msako uwe na vitu vya kupotosha. Weka mfuko mtupu wa aina ileile, glavu mpya, kipande cha utepe, chakula, hata mpira wa mbwa mwingine. Vyote vishikwe na mtu yuleyule aliyeficha sampuli, kwa muda uleule, ili harufu ya mkono wake isiwe ndiyo jibu. Mbwa akionyesha mojawapo, usimkemee. Mwongozaji aendelee kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baada ya kuficha, subiri. Harufu inahitaji muda kutoka na kusambaa. Nusu saa ni mahali pazuri pa kuanzia, na baadaye ubadilishe, mara dakika kumi, mara saa kadhaa. Badilisha na kimo: chini, usawa wa pua, juu ya kichwa cha mtu. Sampuli iliyo juu ya kabati harufu yake mara nyingi hushukia upande wa pili wa chumba, na mwongozaji asiyelijua hilo atamvuta mbwa aondoke ukutani akidhani amepotea. Kwenye gari lililofungwa, harufu hutokea kwenye mianya ya milango na bodi, kwa hiyo msako uanzie upande ambao upepo unatokea garini kwenda kwa mbwa. Mwongozaji awe na desturi ya kupima upepo, kwa unga kidogo au moshi, kabla ya kumfungulia mbwa kamba.

Usisahau kiasi. Mbwa aliyelelewa kwa gramu chache tu anaweza kuchanganyikiwa mbele ya kilo nyingi, kwa kuwa harufu imejaa kila mahali na hapati chanzo cha kukiegemea. Utamwona anazunguka, anakaa, anainuka, anakaa tena, na mwongozaji anaandika kwamba hakupata kitu. Fanya mazoezi ya kiasi kidogo na kikubwa, na kikubwa usikiache hadi mwisho wa kozi.

Zawadi itoke papo hapo na itokee kwenye chanzo. Ukichelewa sekunde mbili, mbwa ameshageuka kumtazama mwongozaji, nawe umelipa kule kugeuka. Kwa mbwa mchanga, mkufunzi au msaidizi aliye nyuma yake autupe mpira uangukie pale pua ilipo. Mfuko wa mwongozaji ubaki mtupu mpaka tabia ikomae.

Mbwa mmoja asifundishwe dawa na vilipuzi pamoja. Akionyesha begi, mwongozaji anatakiwa kujua kama alifungue au awaondoe watu.

Kwenye ufuatiliaji wa nyayo, tatizo ni lilelile ila limevaa nguo nyingine. Anza na nyasi fupi, asubuhi, njia iliyonyooka ya hatua 20 hadi 30, chakula kidogo kwenye kila unyayo, na upepo ukitoka mgongoni ili mbwa asiinue pua kunusa hewa. Kona ziongezwe mbwa akishashusha kichwa bila kuambiwa. Kamba iwe ya mita 10 na ipite kwenye mkanda wa kifuani. Kwenye kona mbwa atapitiliza kidogo, atazunguka, kisha atashika njia upya. Hapo mwongozaji asimame wima kama nguzo na kuiachia kamba ipite mkononi. Akipiga hatua moja tu kuelekea anakodhani njia imekwenda, ameshamwonyesha. Ndiyo maana anayeweka nyayo asimwambie mwongozaji alikopinda, na wewe usitembee nyuma yao ukiwa na ramani mkononi. Nyasi zenye unyevu hutunza harufu vizuri; lami kavu ya mchana huipoteza upesi. Usiruke kutoka nyasi kwenda lami bila hatua za katikati, kama changarawe na udongo mgumu.

Kung'ata ndiko kunakopendwa na wageni, na ndiko ninakoshauri wasikimbilie. Kumfundisha mbwa kushika ni rahisi. Kazi iko kwenye kuachia. Mwongozaji wa kawaida huamuru "Achia!", mbwa hasikii, anaamuru tena, ya tatu anapaza sauti na kuvuta kola. Baada ya siku chache, mbwa amejifunza kwamba amri halisi ni ile ya tatu yenye kelele, na kwamba akivutwa nyuma anakaribia kunyang'anywa, kwa hiyo meno yanabana zaidi. Fanya kinyume. Mhalifu wa mazoezi, yaani msaidizi anayeng'atwa, akauke kabisa, mkono wenye kinga aubane mwilini usisogee. Mwongozaji atoe amri mara moja, kwa sauti ya kawaida, kamba ikiwa shwari, kisha asubiri. Mbwa akiachia, zawadi yake ya kwanza iwe kuruhusiwa kushika tena. Akishaelewa kwamba kuachia hakumalizi mchezo, vita inakwisha. Mhalifu wa mazoezi asiye na ujuzi anaweza kuharibu haya yote kwa kutikisa mkono mara moja, kwa hiyo mfundishe yeye kabla ya kumleta mbwa uwanjani.

Unapomsahihisha mwongozaji, mpe jambo moja kwa kila zamu. Ukimwambia kamba, miguu, sauti na upepo kwa pamoja, atarudi uwanjani akiwa amekakamaa, na mbwa atalihisi hilo kwenye kamba. Mbwa apumzike kivulini wakati mnazungumza. Asisimame katikati yenu akisikiliza sauti za lawama.

Joto halibembelezwi. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Akihema sana hawezi kunusa vizuri, kwa hiyo msako unaoendelea hapo hauna thamani hata kabla haujawa hatari. Ulimi uliotanuka na kujikunja ncha, ufizi mwekundu mno, kuyumba: simamisha kazi, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpe upepo, na umpeleke kwa daktari wa mifugo huku ukiendelea kumpoza. Joto likifika nyuzi 41, usingoje lishuke lenyewe. Mbwa wenye kifua kirefu wasilishwe muda mfupi kabla ya kazi au mara baada yake, kwa hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda.

Kumbukumbu za mazoezi zitasomwa na wakili siku moja. Katika shauri la Florida dhidi ya Harris mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema majaribio yanayodhibitiwa ndiyo kipimo bora cha uaminifu wa mbwa kuliko rekodi za kazini, kwa kuwa kazini mbwa anaweza kuonyesha gari ambalo dawa zimeshaondolewa na harufu imebaki, ikaonekana amekosea. Kwa hiyo kila zoezi liandikwe siku hiyohiyo: mahali, hali ya hewa, aina na kiasi cha sampuli, aliyeificha, muda iliokaa, nani alijua ilipo, mbwa alionyesha nini, na alichokosa. Daftari lisilo na kosa hata moja kwa mwaka mzima lirudishe kwa mwongozaji, na wiki hiyohiyo umpangie misako ya ngazi ya tatu.