Je, kaka aliyejiua anaweza kuombewa Misa?

Pole sana, dada. Misa inaruhusiwa: kanuni 901 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inampa padre uhuru wa kuitolea kwa yeyote, hai au marehemu. Andikisha nia parokiani kwa jina la kaka yako. Anayekwambia wanaojiua hawazikwi na Kanisa amebaki kwenye Sheria ya Kanisa ya 1917. Ile ya 1983, kanuni 1184, inayoorodhesha wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, haiwataji.

Kuhusu kupotea milele: kujiua ni kosa zito, hilo halijabadilika. Lakini dhambi ya mauti hudai pia ufahamu kamili na ridhaa kamili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282, inasema matatizo mazito ya akili, uchungu au hofu kuu huweza kupunguza wajibu wa mtu; 2283 inakataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Hakuna padre mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba yuko motoni.

Nawe ukiwaza kumfuata, mwambie mtu leo hii, umwone na daktari.