Maswali yenu kuhusu shule za Tanga

Shikamoo mwalimu. Babu husema Mjerumani ndiye aliyetuletea elimu Tanga. Kweli? (Msomaji, Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Alicholeta ni shule ya serikali. Ilifunguliwa hapa mwaka 1892, ya kwanza ya aina yake Tanganyika. Lakini vizazi vingi kabla yake watoto wa pwani walikwenda chuoni kusoma Qur'ani, na wakubwa wakiandikiana barua na mashairi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani alihitaji makarani, maakida (wasimamizi wa vijiji) na walimu wa kumsaidia kutawala. Akajua wazazi Waislamu hawatatoa watoto wao kwa wamisheni, ndipo akafungua shule isiyo ya kanisa, masomo kwa Kiswahili. Shule ilikuwa na mtambo wa uchapaji, na kuanzia 1904 likatoka hapo gazeti la Kiongozi, ambamo Waafrika waliosoma waliandika habari na mashairi yao. Hili ndilo ningependa kila mtoto wa Tanga alijue.

Na sisi Muheza? (Msomaji, Magila)

Ninyi mlitangulia, dada. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Magila kabla Mjerumani hajatia mguu. Martin Kayamba, Mbondei aliyesomeshwa na misheni hiyo, alianzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika hapa Tanga mwaka 1922.

Mama alifundishwa na mwalimu aliyeishia darasa la saba. Iliwezekanaje? (Msomaji, Chumbageni)

Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Watoto wakafurika, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakishika chaki, pamoja na masomo ya redio. Watu wakawaita walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wengine kwa dharau, na dharau hiyo inaniumiza. Kijiji ambacho hakikuwa na mwalimu kikapata mtu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika. Kosa lilikuwa la waliowaacha miaka mingi bila kuwaendeleza.

Ada zilifutwa lini hasa? (Msomaji, Pongwe)

Zaidi ya mara moja, ndugu yangu. Za msingi zilifutwa 1973, wazazi wakaanza kutozwa tena miaka ya 1980, zikafutwa tena 2001. Sekondari hadi kidato cha nne ni tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Sare na madaftari bado ni juu yako.