Spesa, Ofseti na Gari Lililoshushwa: Maswali ya Wasomaji

Maswali niliyoyapokea safari hii yametoka kwa wasomaji ambao tayari wameshusha magari yao kwa springi fupi au shokapu za kurekebishika, kisha wakagundua kwamba tairi limezama ndani ya fenda na gari halina umbo walilolitarajia. Wengi wameulizia unene wa spesa, yaani kipande bapa kinachowekwa kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu ili kulisogeza gurudumu nje, kabla hawajapima chochote, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Nairobi: Nina Subaru Impreza ya mwaka 2008 niliyoishusha milimita 30. Rimu zake za asili zimeandikwa 6.5J ET55. Nimepata rimu za inchi 17 zilizoandikwa 7.5J ET48, na muuzaji anasema tofauti ya 7 ni ndogo mno kuleta shida. Je, zitaingia, na nitahitaji spesa?

Ofseti, yaani ile namba inayofuata herufi ET, ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaokaa kwenye habu. Namba ikiongezeka, rimu huingia ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, rimu hutoka nje kuelekea ukingo wa fenda. Muuzaji wako ametazama ofseti akasahau upana, yaani ile namba ya inchi iliyo kabla ya herufi J. Inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, nayo hugawanyika nusu kwa nusu, 12.7 upande wa ndani na 12.7 upande wa nje. Upande wa nje unaziongeza zile 7 za ofseti na kufikia 19.7, ilhali upande wa ndani unazipunguza na kubakiwa na 5.7. Kwa hiyo rimu hizo zitatoka nje karibu sentimita mbili, na wakati huohuo zitasogelea shokapu kwa karibu milimita sita, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii kwa kuwa wanadhani rimu inayotoka nje lazima ipate nafasi ndani.

Ukivalisha tairi la 215/45 R17, vipimo hivyo kwa kawaida hukubali kwenye gari lako, na hutahitaji spesa kabisa. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa boliti: Impreza yako ni 5x100, yaani boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, lakini matoleo ya baadaye ya STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi, ni 5x114.3, na rimu zake huuzwa sokoni kwa jina lilelile la Subaru. La pili ni tundu la katikati, ambalo kwenye habu ya Subaru ni milimita 56.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji pete ya kujazia nafasi hiyo.

Dar es Salaam: Nimefunga spesa bapa za milimita 15 nyuma ya Toyota Mark X. Nikifika kilomita 90 kwa saa gari linatetemeka, na wiki iliyopita nilikuta nati moja imelegea. Fundi anasema nikaze zaidi. Nifanye nini?

Usiliendeshe gari hilo mpaka spesa hizo zimetolewa. Ninasema hivi bila kusita, kwa sababu dalili zote mbili ulizozitaja zina chanzo kimoja, yaani spesa hizo, na kukaza zaidi hakutaondoa chanzo hicho.

Spesa bapa huvalishwa juu ya boliti zilezile za asili, kwa hiyo kila milimita ya unene wake hunyang'anya nati milimita moja ya uzi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nati iingie kwenye uzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha boliti. Mark X hutumia boliti za M12, yaani zenye kipenyo cha milimita 12, na hatua ya uzi (umbali ambao nati husogea kwa mzunguko mmoja) ya milimita 1.5, na hiyo ina maana ya mizunguko minane kamili ya nati. Kwa Subaru, ambayo hatua yake ni 1.25, hesabu hiyohiyo hutoa karibu mizunguko kumi. Funga rimu kwa mkono, kisha hesabu mizunguko tangu nati iliposhika hadi ilipogota. Ukipata minne au mitano, uzi wa sehemu fupi unabeba kazi yote, na ukikaza kwa nguvu zaidi utauvua au utaivuta boliti hadi ikatike.

Mtetemo nao unatokana na rimu kutokaa katikati. Habu ya Toyota yako ina mdomo wa duara wenye kipenyo cha milimita 60.1, na mdomo huo ndio unaoipa rimu mahali pake. Spesa ya milimita 15 isiyo na mdomo wake yenyewe huufunika ule wa habu, na kuanzia hapo rimu hutegemea nati peke yake kuiweka katikati. Tena rimu nyingi za asili za Toyota hufungwa kwa nati zenye washa bapa, ambazo hazina uwezo wa kuivuta rimu katikati, tofauti na nati zenye ncha ya koni zinazotumika kwenye rimu nyingi za madukani. Kwa hiyo, kama umebaki na rimu za asili pamoja na nati zake, hakuna kitu chochote kinachoiweka rimu yako sawa.

Una njia tatu. Unaweza kubonyeza boliti ndefu kwenye habu na kutumia spesa yenye mdomo wa 60.1. Unaweza kununua spesa zinazofungwa kwenye habu kwa nati zake na zenye boliti zake zenyewe za kushikia rimu, lakini hizo kwa kawaida huanzia milimita 20, la sivyo ncha za boliti za asili zitaigusa rimu kwa nyuma. Njia ya tatu, ambayo mimi ningeichagua, ni kuuza rimu hizo na kutafuta nyingine zenye ofseti ndogo zaidi kwa milimita 15, usihitaji spesa hata moja. Vyovyote utakavyoamua, nati zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, nyutoni mita 103 kwa Toyota hii, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mombasa: Honda Fit yangu imeshushwa na ina spesa za milimita 10 nyuma. Nikiwa peke yangu haigusi popote, lakini nikibeba watu watatu nyuma tairi linakwangua fenda kwenye kila tuta.

Ulipima gari likiwa tupu na limesimama. Fit ina ekseli ya boriti nyuma, yaani boriti moja inayoyaunganisha magurudumu mawili, na gari linapozama kwa uzito tairi hupanda karibu wima kwenda juu, bila kuinamisha kichwa chake ndani kama lifanyavyo kwenye magari yenye mikono miwili ya kila gurudumu.

Kipimo cha kweli hupatikana hivi: ondoa springi, rudisha shokapu, kisha inua gurudumu kwa jeki polepole mpaka ubanwe ule mpira unaozuia shokapu isigote mwisho, ukitazama mahali tairi linapokaribia fenda. Ziache angalau milimita 5 hadi 8 pale palipo finyu zaidi. Kwako wewe ningetoa spesa kwanza. Kukunja ukingo wa ndani wa fenda kunawezekana iwapo rangi itapashwa moto kabla ya kukunjwa, lakini Mombasa ina chumvi hewani, na ufa mmoja wa rangi pale ukingoni utaanza kutu mapema.

Je, ni kweli spesa huua beringi, lakini rimu yenye ofseti ndogo haina madhara?

Si kweli. Beringi huhisi tu mahali katikati ya tairi ilipo. Ukitoka ET55 hadi ET35 umeongeza mkono wa nguvu (umbali kati ya mzigo na beringi) kwa milimita 20, iwe kwa spesa au kwa rimu. Kwa magurudumu ya mbele kuna la ziada: usukani huanza kuvutwa na mikwaruzo na mashimo ya barabara.

Hamburg: Nina Volkswagen Golf ya kizazi cha tano na ninataka spesa za milimita 15. Boliti zake zinatoka pamoja na gurudumu.

Kwenye Golf boliti huingia ndani ya habu, kwa hiyo lazima ziwe ndefu zaidi kwa unene uleule wa spesa: za asili ni M14x1.5 zenye urefu wa milimita 27, nawe utahitaji za 42, zenye kikalio (sehemu ya chini ya kichwa inayokaa kwenye rimu) cha mviringo kama za Volkswagen wala si cha koni. Usitumie boliti hizo ndefu baada ya kuondoa spesa, maana zitatokeza nyuma ya habu na kugonga vilivyomo. Huko Ujerumani nunua spesa zenye cheti cha kukubalika kwa gari lako, na pale ambapo cheti kinadai ukaguzi, ufanyike mara tu baada ya kufunga, kwa sababu bila hivyo gari linaweza kupoteza kibali cha kutumika barabarani.

Arusha: Baada ya kufunga shokapu za kurekebishika kwenye Forester, tairi la mbele linagusa shokapu kwa ndani. Nimeambiwa spesa ni mbaya. Nitafanyaje?

Hapa spesa ndiyo dawa, kwa sababu inajibu pengo lililopimwa. Chukua yenye unene wa milimita 3 au 5, iliyotobolewa kwa 5x100 na tundu la 56.1 kama Forester yako ni ya kabla ya kizazi cha 2018, kisha hesabu ile mizunguko kumi ya nati. Ila muulize fundi kwanza jinsi alivyoinamisha magurudumu. Kama alitumia boliti inayoshika shokapu na kikono cha gurudumu, basi ni yeye aliyevuta kichwa cha tairi kuelekea shokapu. Akiirudisha boliti hiyo mahali pake na kuinamisha kwa sahani ya juu, shokapu na gurudumu vitainama pamoja na nafasi kati yao haitapungua. Huenda baada ya hapo spesa isihitajike. Akishamaliza, pima alaimenti upya kabla ya safari yoyote ndefu.