Dengu za kuoka zinalegea baada ya saa moja: tatizo ni nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeacha vitafunwa vya pakiti, sasa natengeneza mwenyewe dengu za kuoka, zile kubwa za mviringo. Zikitoka kwenye oveni zinalia mdomoni, lakini baada ya saa moja zimekuwa kama mpira. Naoka kwa nyuzi 220 kwa dakika 20, na viungo na asali nachanganya mwanzoni. Nikiongeza muda zinaungua. Nakosea wapi? Na je, maharage mekundu yanaweza kutumika badala yake? Nina watoto wadogo pia.

JIBU: Nzuri, ndugu msomaji, na ahsante kwa kutaja nyuzi na dakika, maana hapo ndipo tatizo linapoonekana. Dengu zako zinakauka ganda tu. Ndani bado zina maji.

Dengu iliyochemshwa ikaiva, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kwa nyuzi 220 ganda hukauka na kuanza kuungua kabla maji ya katikati hayajapata nafasi ya kutoka. Zikishatolewa, maji yaliyobaki husogea kidogo kidogo kuelekea nje, ganda huyanyonya na kulegea. Chukua moja iliyolegea uipasue kwa kucha: kiini kitakuwa na unyevunyevu na kitanata kidoleni. Iliyokauka sawasawa huvunjika vipande, na katikati yake ni ungaunga.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kabla ya oveni. Loweka dengu usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya hadi ziive bila kupondeka. Usiweke magadi wala baking soda, ganda litachanika. Zichuje, zisugue taratibu ndani ya taulo safi, kisha zitandaze ziachwe wazi kama saa nzima. Watu wengi huiruka hatua hii kwa haraka, nami naiona kuwa muhimu kuliko moto wenyewe.

Kwa nusu kilo ya dengu zilizoiva, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na chumvi kidogo vinatosha. Zipange kwenye trei bila kupandana, kwa sababu zikibanana zinapikana kwa mvuke wa zenyewe. Oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 25 hivi, ukitikisa trei mara moja au mbili, kisha shusha hadi 150 uendelee dakika nyingine 15 hadi 20. Zima oveni, acha mlango wazi kidogo, zipoe humohumo. Oveni hazifanani, hivyo usitegemee saa peke yake: toa moja, ipoe kabisa, ndipo uipasue. Ikiwa ya moto itakudanganya.

Asali iondoe. Sukari yake huvuta unyevu wa hewani, na kwenye moto mkali huungua mapema. Paprika na unga wa kitunguu saumu navyo huwa vichungu vikiungua, basi vinyunyize dakika 5 za mwisho. Hifadhi dengu kwenye chupa yenye mfuniko zikiwa zimepoa kabisa. Zikilegea tena, dakika 8 hadi 10 kwa nyuzi 150 zinazirudisha. Zisiporudi, zichanganye kwenye saladi au supu, ni chakula kizuri kilekile.

Na umechagua vizuri. Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina protini kama gramu 9 na nyuzinyuzi kama 8, wakati krispi za viazi za kukaanga, takriban theluthi moja ya uzito wake ni mafuta. Kumbuka tu kwamba dengu zikikauka virutubisho na nishati hujikusanya pamoja, kwa hiyo kiganja kimoja kinatosha.

Maharage mekundu yanawezekana, ila hapa naomba usikilize vizuri. Mabichi yana sumu ya asili ambayo kuloweka na kuoka peke yake hakuimalizi. Loweka, mwaga maji, yachemshe kwa maji mapya yakitokota kwa nguvu dakika 30, kisha yapike hadi yaive ndipo uyaoke.

Kwa watoto walio chini ya miaka 5, usiwape dengu kavu nzimanzima, zinaweza kuwakaba. Wachukulie zile zilizochemshwa, ziponde na mafuta kidogo na limau, wachovyee vipande laini vya mkate.