Bustani ya kwenye picha si yangu

Shangazi, shikamoo. Ulipoiona picha yangu nimesimama kwenye theluji, miguuni majani mekundu, ulisema: "Mwanangu umejenga, mpaka bustani unayo! Tutumie mbegu tupande Makete." Leo nakujibu ukweli.

Bustani ni ya mzee mmoja hapa Ujerumani, mimi namfanyia kazi. Ninaishi chumba kimoja ghorofa ya nne. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa, na najua hapo umeshaanza kupiga hesabu ya shilingi. Kodi na bima hutangulia, na Desemba saa za kazi zenyewe hupungua: kufika saa kumi jioni, giza.

Lakini huo mmea nitausifu. Unaitwa Bergenia. Majani yake mapana, magumu kama ngozi, na ukiyasugua kwa kidole kibichi hulia kama kitoto cha nguruwe. Wakati wa joto ni kijani tu, hutayageukia mara mbili. Baridi ikikaza ndipo yanapoiva rangi ya damu ya mzee. Mwaka wa kwanza nilimwaga samadi kama tunavyofanya kwenye viazi. Yakanenepa, yakabaki kijani Januari nzima, na mwenye bustani akaniuliza rangi nimeipeleka wapi! Kumbe mmea huu haudekezwi: udongo wa kawaida usiotuamisha maji, na jua la kutosha. Shina lake hutambaa juujuu kama tangawizi, kwa hiyo unalifukia nusu tu, ukiacha futi moja hadi moja na nusu kati ya miche. Ikisongamana baada ya miaka kadhaa, unaigawa ikishamaliza kutoa maua. Majani yaliyochakaa naondoa mwanzoni mwa Machi.

Makete sakitu ya Juni na Julai haitauua. Ila kwenu jua la mchana hurudisha joto, ila huku Ujerumani baridi hushikilia miezi. Sidhani kama rangi itakolea hivi. Na mbegu ndani ya bahasha situmi. Kuna kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea Tanzania, na cheti cha afya ya mimea, tena mko jirani na Kitulo, hifadhi ya maua inayoitwa Bustani ya Mungu, sitaki kuwa niliyeingiza gugu humo.

Kuhusu kujenga, tofali zangu za kule Tandala bado ni zilezile elfu mbili. Mwambie baba mdogo asiziuze.