Usilipie lori la Dar kabla hujajua linarudi na nini

Usisaini! Umeandika kwamba dalali amekupa bei ya "kushusha tu", yaani ya kwenda peke yake, kwa robota 100 za mkonge kutoka Korogwe hadi bandari ya Dar, na unauliza kama hiyo ni nafuu kuliko kupitia Tanga, mnunuzi wako wa Ulaya apewe hesabu gani ya kaboni (hewa ukaa inayotolewa na safari), na bima na karatasi za forodha uzianzie wapi. Bima na forodha tuziache kwa leo; tuanze na lori, maana hilo ndilo litakalokula mtaji wako.

Bei hiyo ya kushusha tu niliuziwa mimi. Mzigo huohuo, barabara hiyohiyo. Dalali aliniapia kwamba semi haikosi mzigo wa kurudi, kwamba Dar saruji na mbolea hazikauki. Kwa tani alikuwa chini ya wote niliowauliza hapa Tanga, nikalipa. Semi ikafika, ikalala foleni, mzigo wa kurudi haukupatikana, na mwenye gari akaniletea ankara ya pili: dizeli ya kupandisha gari tupu hadi Korogwe, na siku zote lilizolala. Nampigia dalali, ananiambia "bosi, biashara ndivyo ilivyo." Sivyo! Yeye kamisheni yake alishaikata siku ya kupakia. Watu hawa wanajua vizuri kabisa kwamba gari haliishi bandarini, lazima lirudi, na dizeli ya kurudi italipwa na mtu. Wanakutajia nusu ya safari kwa sababu nusu ndiyo inayovutia mteja. Hasira yangu kwao haijapoa, na sioni kwa nini ipoe wakati bado wanakuja kwa wakulima walewale na maneno yaleyale.

Na kaboni ni hivyohivyo. Mnunuzi alipoiona hesabu yangu, swali lake la kwanza lilikuwa: safari ya kurudi iko wapi? Kiwango cha kimataifa cha ISO 14083 cha mwaka 2023, cha kuhesabu hewa hiyo kwenye usafirishaji, kinataka safari tupu zihesabiwe. Fanya mwenyewe. Robota moja ni kilo 250, kwa hiyo una tani 25. Korogwe hadi Dar ni karibu kilomita 300. Tuseme semi ikiwa na mzigo inakunywa lita 40 kwa kilomita 100, na ikiwa tupu lita 27. Kwenda ni lita 120, kurudi lita 81. Kila lita ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Nusu aliyokutajia dalali inatoa kilo 324; safari kamili inatoa kilo 540 na ushei. Tanga iko karibu kilomita 100 tu: hata gari likirudi tupu hufiki kilo 200. Na lita hizohizo ndizo utakazolipia, hakuna daftari la pesa na daftari jingine la moshi.

Ila usikimbilie Tanga ukiwa umefumba macho. Uliza kontena tupu la kupakia mkonge linatoka wapi. Kama wakala ataliburuza kutoka Dar ndipo mpakie Korogwe, umerudi kwenye kilomita 300 zilezile za gari tupu, safari hii linakuja tupu badala ya kurudi tupu. Bandari yetu imechimbwa, siku hizi meli zinafunga gatini badala ya kuteremshia mzigo kwenye matishari huko nje, lakini kina cha maji hakikuletei kontena. Lazima liwe tayari liko Tanga, kwa mfano limeshateremka na mzigo wa mtu mwingine.

Treni ikiwa na behewa la kwako, chukua. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na inapita hapohapo Korogwe, na tani moja kwenye reli kwa kawaida hula dizeli kidogo sana kuliko barabarani. Lakini hata huko swali ni lilelile: behewa linarudi na nini?

Kwa hiyo kesho mpigie mwenye gari mwenyewe, achana na dalali. Akuandikie kwenye mkataba bei ya kwenda na kurudi, nani analipa gari likilala, na mzigo wa kurudi ni wa nani. Akisema "tutaona tukifika," kata simu umpigie mwingine.