Kuzalia nyumbani ama hospitali? Kwanza niambie nani atakubeba saa nane usiku

Mimi nimezalia pande zote mbili, nyumbani mara moja bila kupanga, hospitali mara moja nikiwa nimepanga mpaka pesa ya tuktuk iko kando. Kwa hivyo mtu akianza ule mjadala wa nyumbani ni bora ama hospitali ni bora huwa nanyamaza kwanza, alafu nauliza: usiku wa manane mvua ikinyesha unatokaje hapo kwako?

Wa kwanza alikuja Mei 2018, ile miezi Kano, nyanda za huku Kisumu, inageuka ziwa. Na hata pasipofurika, ule udongo mweusi ukinyeshewa pikipiki inazama mpaka mafla. Nilikuwa nimetoka Nyalenda, mtaa wetu wa Kisumu mjini, nikaenda kwa mama mkwe nikiwa na miezi minane, eti nikapumzike nipikiwe uji. Kliniki nilikuwa nimeenda, kitabu cha mama na mtoto ninacho, na ukiniuliza ningekwambia bila kufikiria, nitazalia hospitali. Basi mpango wangu wote ulikuwa huo, hilo neno moja.

Uchungu ukaanza saa sita usiku. Mtu wa boda tuliyemtegemea, mteja, simu haipatikani. Mwingine akashika simu akasema hawezi kufika huko ndani, tumpate lami, na lami si karibu. Zahanati iliyo karibu hufungwa jioni, kitu ambacho sikuwa nimewahi kuuliza hata siku moja. Mama mkwe akamwita nyamrerwa, yaani mkunga wa kienyeji, mama mzee jirani, akaja na tochi na leso kichwani, na huyo mama sitamsema vibaya kamwe kwa sababu alinishika mgongo akaniongelesha polepole kuliko nasi yeyote wa hospitali aliyewahi kunigusa. Mtoto akatoka saa kumi, akalia vizuri.

Shida ikaja nyuma ya mtoto. Kondo likakawia na damu ikaanza, leso ya kwanza, ya pili, alafu blanketi. Nyamrerwa mwenyewe ndiye alisema mkono wangu umefika mwisho, mtoeni. Nilibebwa kwa mkokoteni wa punda mpaka lami, shemeji anasukuma magurudumu kwa matope, mtoto amefungwa kifuani kwa nyanyake. Hospitali nikadungwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, wakatoa kondo, nikawekewa dripu na damu. Baadaye ndio nikaelezwa kwamba damu ya aina hiyo inaweza kummaliza mtu ndani ya masaa mawili, na hiyo sindano kudungwa ni kitu cha sekunde tu, ila ni dawa inayotaka kukaa kwa friji. Nyamrerwa na uzoefu wake wote friji atatoa wapi?

Na kuna kosa langu hapo. Kitabu changu kilikuwa kimeandikwa kiwango cha damu 9, na mjamzito inafaa awe na 11 kwenda juu. Vile vidonge vya kuongeza damu nilikuwa navitupa chooni, vilikuwa vinanitibua tumbo. Ukianza kutoka damu ukiwa tayari uko chini, huna akiba. Vinywe usiku baada ya kula, na usivishushe na chai, chai inazuia madini yasiingie mwilini, tumia maji ama juisi ya machungwa.

Sasa najua kwa nini wengi wanapenda nyumbani, na si ujinga. Kuna kituo kimoja nilienda kliniki, mama alikuwa leba analia, nasi akamuuliza kama alikuwa analia hivyo siku ya kutafuta hiyo mimba. Ukishasikia hiyo unajua kitanda cha mama mkwe kina heshima. Ule utafiti mkubwa wa afya wa kitaifa hapa Kenya wa 2014 ulionyesha watoto 61 kwa kila 100 ndio walizaliwa kituoni, wa 2022 ukaonyesha 82. Hao 18 waliobaki watu hudhani ni mama zao wakaidi, kumbe wengine ni mimi na mvua.

Kwa hivyo mimba ya pili nilianza na barabara. Sikuenda Kano, nilimwomba mama mkwe aje Nyalenda, akaja na sufuria yake na omena. Nikaenda kituo cha karibu nikiwa na miezi sita nikauliza maswali mpaka wakanichoka: mnafungua usiku? Mko na theata ya upasuaji? Damu je? Mtu akishindwa hapa mnampeleka wapi na kwa gari gani? Theata utaipata kuanzia hospitali za level 4, zile za kaunti ndogo, kwa hivyo dispensari inaweza kuwa safi na manasi wazuri lakini ukihitaji kupasuliwa lazima uhamishwe. Na kama umewahi kupasuliwa, ama ni mapacha, presha iko juu, mtoto amekaa matako chini, ama kuzaa kwa mwisho ulitokwa na damu kama mimi, hapo tafadhali usianze hata kufikiria nyumbani, panga moja kwa moja hospitali yenye theata.

Pesa pia imebadilika. Wakati wa Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, sikulipa, sasa ni SHA, bima ya afya ya serikali, tangu Oktoba 2024, na sisi wa biashara ndogo hatukatwi kwa mshahara, nilitakiwa kulipa ya mwaka mzima, ya chini kabisa ikiwa 3,600. Jisajili kwa *147# mapema na ulipe mapema, usingoje uchungu ukufundishe kubonyeza simu. Begi nayo watu huiongea sana, mimi nitasema tu pamba, pedi, leso tatu, beseni, nguo za mtoto na kofia, na kile kitabu, kitabu usikisahau.

Kitu kingine tulikaa chini na mzee wangu tukaongea: akiwa safari, nani anasema twende? Nikamwambia ni mimi, na nikizirai ni mama yako. Hakuna kupigiana simu kuomba ruhusa huku damu inatoka. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, mtoto akipunguza kucheza, maji yakivunjika, damu hata kidogo, tunatoka. Uchungu wa kawaida, kwa mtoto wa kwanza unaweza kungoja ufike kila dakika tano, lakini wa pili ana haraka, na mtu wa mbali asingoje hiyo hesabu.

Nilikuwa na namba za tuktuk tatu. Usiku wenyewe, Machi 2025, wa kwanza mteja, wa pili akashika, akaja na sendo na fulana akaniitisha mia tatu. Nilizaa kabla ya kupambazuka, sindano nikadungwa dakika ile mtoto ametoka, damu ikakaa pale inapofaa. Mama mkwe alipoitwa ndani, kabla hata ya kumwangalia mjukuu, akamwendea nasi kwa sauti ya chini akauliza kama anaweza kupewa kondo akalizike nyumbani Kano. Nasi akamtafutia karatasi ya nailoni.